Vifaa vya Kuanzia Ukandarasi wa Milango ya Chuma: Kipi Kinunuliwe Kwanza, Kipi Kikodishwe

Kila jengo jipya la maduka linaposimama Kariakoo, na kila nyumba inayozungushiwa ukuta Mbezi au Tegeta, ipo kazi moja isiyokwepeka, nayo ni mlango wa chuma. Duka linataka mlango wa kujikunja juu, ambao wenye maduka na mafundi huuita shata. Nyumba inataka geti. Bohari inataka mlango mpana wa kupitisha lori, na wako wenye nyumba wanaotaka mlango wa banda la gari unaopanda wenyewe kwa mota. Tangu masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 na maduka ya watu binafsi kuongezeka, kazi hii imekuwa riziki ya mafundi wengi wa kuchomelea mijini.

Hata hivyo, ipo tofauti kati ya fundi wa kuchomelea na mkandarasi wa milango. Fundi hulipwa kwa kuunganisha chuma na chuma. Mkandarasi hulipwa kwa mlango uliokwisha kufungwa ukutani, unaofunguka bila kutumia nguvu nyingi, na usiomwangukia mtu. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza ununuzi wa vifaa. Anayeanza mara nyingi humaliza mtaji wake kwenye mashine kubwa ya kuchomelea, kisha hubaki bila vifaa vya kupimia, bila vya kunyanyulia, na bila fedha ya kununulia chuma cha kazi ya kwanza. Makala hii inaeleza vifaa hivyo kwa mpangilio wa umuhimu wake, na jinsi ya kuamua kipi kinunuliwe na kipi kikodishwe.

AINA YA MLANGO KWANZA

Kabla ya kwenda dukani, mwenye biashara aamue ni milango ya aina gani ataanza nayo. Geti la mbawa mbili na geti la kusukuma juu ya reli hutengenezwa lote katika karakana, hivyo linahitaji zaidi vifaa vya kukatia na kuchomelea. Shata hutengenezwa kwa vipande vyembamba vilivyokwisha kukunjwa kiwandani. Hapa kazi kubwa ya mkandarasi ni kupima, kukata kwa urefu, kupandisha na kukaza springi. Mlango wa banda la gari wa vipande vipana hununuliwa ukiwa kamili, na mkandarasi huufunga tu, lakini kosa lake ni ghali kwa sababu kipande kilichoharibika hakipatikani kwa urahisi.

Mwenye mtaji mdogo hufanya vizuri akianza na mageti na shata za maduka. Milango ya mota ingoje mpaka awe na mtu anayejua umeme.

VIFAA VYA KUPIMIA

Hivi ndivyo vifaa vya bei nafuu kuliko vyote, na ndivyo vinavyookoa fedha nyingi kuliko vyote. Vinavyohitajika ni futi ya mkanda ya mita 5 na nyingine ya mita 10 au zaidi, pima maji ndefu ya mita 1 hadi 2, timazi, skwea ya chuma, kamba ya rangi ya kuchorea mstari, na kalipa ya kupimia unene.

Upana wa uwazi hupimwa sehemu tatu, yaani chini, katikati na juu. Kimo hupimwa pande zote mbili. Baada ya hapo hupimwa kona kwa kona, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, na pande zinazotazamana zikiwa sawa, uwazi umenyooka. Visipolingana, ukuta umekwenda upande, na mwashi arudi kabla chuma hakijakatwa. Kwa mfano, uwazi wa lori wenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 3 ni lazima utoe mita 5 kamili kutoka kona hadi kona.

Hupimwa pia nafasi iliyo juu ya uwazi na iliyo pembeni. Shata inahitaji mahali pa kujikunjia. Mlango wa vipande wenye springi juu kwa kawaida unahitaji takriban sentimita 30 kati ya uwazi na dari, na ndani ya banda urefu unaozidi kimo cha mlango kwa karibu sentimita 45. Mkandarasi asiyepima nafasi hizo hugundua siku ya kufunga kwamba boriti ya zege imekaa mahali pa springi. Siku hiyo hakuna wa kumlipa hasara.

Kalipa ina kazi nyingine sokoni. Chuma huuzwa kwa unene, na unene ndio bei. Shiti ya futi 8 kwa 4 ina eneo la karibu mita za mraba 3. Kwa kuwa mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85, shiti ya milimita 1 ni lazima iwe na kilo 23 na kidogo, na ya milimita 1.2 iwe na kilo 28. Anayelipia ya milimita 1.2 akapewa ya milimita 1 amepoteza karibu kilo 5 kwa kila shiti. Katika geti linalotumia shiti nne, hizo ni karibu kilo 19 za chuma alizolipia bila kuzipata, na geti lenyewe litabonyea mapema. Kalipa au mizani ya muuzaji hutosha kumaliza ubishi huo palepale dukani.

KUKATA NA KUCHOMELEA

Kwa mageti na fremu za shata, mashine ndogo ya kuchomelea ya kisasa, ile nyepesi inayobebeka begani, yenye uwezo wa ampea 160 hadi 200, inatosha kazi ya kawaida. Kijiti cha geji 12, chenye unene wa takriban milimita 2.5, hutumia ampea kati ya 60 na 100. Cha geji 10, chenye takriban milimita 3.2, hutumia kati ya 90 na 140. Bomba la mraba lenye kuta za milimita 1.5 halihitaji zaidi ya hapo, na moto ukizidi hutoboka. Mashine nzito ya mafuta ya transfoma ina faida ya kuvumilia, lakini haipandi ngazi wala bodaboda, na kazi ya milango iko kwa mteja.

Umeme uhesabiwe mapema. Kwa ampea 100, moto wa kuchomelea una volti karibu 24, yaani kilowati 2.4. Ukijumlisha unaopotea ndani ya mashine, mahitaji hufika kilowati 3 au zaidi. Nyumba isiyokwisha haina umeme, na soketi ya duka haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo jenereta ya kVA 5 ni ya lazima kwa kazi nyingi za nje, ingawa si lazima iwe mali ya mkandarasi tangu siku ya kwanza. Waya wa kuongezea uwe mnene, wenye nyuzi za milimita za mraba 2.5 au zaidi, na ufunguliwe wote unapotumika. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto na kuyeyuka.

Grainda ndogo ya inchi nne na nusu ndiyo mkono wa kulia wa kazi hii. Ndiyo pia inayojeruhi kwa sababu ya tabia moja, yaani kuondoa kinga yake ili kuvalisha diski kubwa. Hesabu yake ni rahisi. Kila diski imeandikwa kasi ya mwisho inayoruhusiwa. Diski za kawaida za mwendo wa mita 80 kwa sekunde huruhusiwa mizunguko takriban 13,300 kwa dakika zikiwa za milimita 115, 8,500 zikiwa za milimita 180, na 6,600 zikiwa za milimita 230. Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 180 ikifungwa hapo imepita mpaka wake kwa zaidi ya robo, na ikipasuka, vipande huruka kuelekea usoni na tumboni mwa aliyeishika. Anayehitaji kukata vitu vinene anunue au akodishe grainda kubwa.

Vifaa vidogo vya kuongezea ni msumeno wa chuma, tupa, nyundo ya kilo 1 na nyingine ya kugongea takataka za kuchomelea, brashi ya waya, klampu zisizopungua nne, na meza ya chuma iliyonyooka. Meza ikiwa imepinda, kila geti litakalotengenezwa juu yake litapinda vilevile.

Kwa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, kutu ni mshindani wa kudumu. Upepo wa chumvi hula kwanza mahali palipochomelewa na chini mlango unapogusa maji. Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa, zinki huungua. Mahali hapo pasuguliwe na kupakwa rangi yenye zinki kabla ya rangi nyingine. Moshi wa zinki nao huleta homa inayomshika fundi saa chache baadaye, hivyo zinki ikwanguliwe kwanza na kazi ifanyike penye hewa. Vijiti vya kuchomelea vifungwe vizuri visipate unyevu.

KUPANDISHA NA KUFUNGA

Hapa ndipo vifaa vinapomtenganisha mkandarasi na fundi wa kawaida. Chukua shata ya upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Eneo lake ni mita za mraba 7.5. Kwa chuma cha milimita 1, hata kingekuwa bapa, uzito ni karibu kilo 59. Vipande vya shata vimekunjwa kingoni, kwa hiyo chuma chake ni kingi zaidi, na bado kuna bomba la kujikunjia, springi na kipande kizito cha chini. Mzigo huo hunyanyuliwa juu ya vichwa vya watu. Vijana wanne juu ya meza na mapipa si kifaa cha kunyanyulia.

Kinachotakiwa ni winchi ya mnyororo, ambayo mafundi huiita chenibloku, yenye uwezo wa nusu tani au tani 1, ngazi mbili imara, na jukwaa la mabomba lenye mbao pana. Kamba na mikanda ya kunyanyulia iandikwe uwezo wake, na iliyochanika itupwe.

Kwa kutoboa ukuta, drili ya zege yenye mapigo ni ya lazima, pamoja na biti za milimita 8 hadi 16 na bolti za kupanuka ukutani. Tofali la saruji lenye matundu halishiki bolti hizo sawasawa. Huko fremu hushikwa kwa vyuma vilivyofukiwa katika zege la nguzo, au bolti ndefu inayopita ukuta mzima na bamba upande wa pili. Spana kamili, soketi, bisibisi na koleo hukamilisha sanduku.

SPRINGI SI CHUMA CHA KAWAIDA

Springi ndiyo inayobeba uzito wa mlango. Ikiwa imekazwa, imeshika nguvu inayongoja kutoka. Mlango wa banda la gari wenye kimo cha mita 2.1, kwa gurudumu la kamba la kawaida, hukazwa takriban mizunguko saba na nusu. Kazi hiyo hufanywa kwa fimbo mbili maalumu za chuma kigumu zinazoingia barabara katika matundu ya springi, kwa kawaida zenye unene wa nusu inchi na urefu wa karibu sentimita 45. Bisibisi au kipande cha nondo huteleza. Kikiteleza, hurudi kwa kasi ya kuvunja mkono au taya. Fimbo hizo mbili ni rahisi kuliko vifaa vingi vilivyotajwa hapa, na hakuna kazi ya springi inayoruhusiwa bila hizo.

Kanuni tatu zizingatiwe. Kwanza, anayekaza asimame pembeni, asikae mbele ya fimbo. Pili, bolti za kitako cha springi zisilegezwe wakati springi imekazwa. Tatu, springi isichomelewe wala isipashwe moto, kwa sababu joto huondoa ugumu wake na itakatika.

Springi za kawaida za milango ya nyumba hutengenezwa kwa mzunguko wa kufungua na kufunga mara 10,000. Nyumba inayofungua mara 4 kwa siku itatumia springi siku 2,500, yaani miaka karibu 7. Bohari inayofungua mara 20 kwa siku itaimaliza kwa siku 500. Mteja wa bohari aelezwe hivyo kabla ya kutia saini, auziwe springi ya maisha marefu zaidi, au akubali kwa maandishi kwamba ya kawaida itabadilishwa mapema. Mkandarasi asiyefanya hesabu hii hulipia springi ya pili kutoka mfukoni mwake.

MOTA NA UMEME

Mlango unaopanda juu ulibuniwa Marekani na C. G. Johnson mwaka 1921, na mota yake ya umeme ikafuata mwaka 1926. Mota za huko hutumia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Mteja aliyeletewa mota na ndugu yake kutoka ng'ambo aambiwe mapema kwamba kuichomeka moja kwa moja ni kuiunguza. Kipunguza volti hurekebisha volti, hakirekebishi mizunguko.

Huko Marekani, mota mpya za milango ya nyumba hutakiwa na sheria ziwe na uwezo wa kurudisha mlango juu unapogusa kitu. Mkandarasi wa hapa asifunge mota isiyo na uwezo huo pamoja na jicho la mwanga la chini, kwani watoto hucheza mlangoni. Kifaa cha kupimia umeme na testa ni vya lazima. Kabla ya kuunganisha mota, mlango uinuliwe kwa mkono hadi katikati, polepole, bila mtu wala kitu chini yake. Ukibaki pale pale, springi iko sawa. Ukishuka au kupanda, mota itafanya kazi ya springi na haitadumu.

VIFAA VYA KUJIKINGA

Kioo cha kuchomelea kiwe namba 10 au 11 kwa ampea zilizotajwa. Miwani ya jua haizuii mwanga huo, na macho yaliyoungua humlaza fundi siku mbili bila kipato. Ziongezwe miwani ya kukatia, glavu za ngozi, buti zenye chuma mbele, kofia ngumu, na kizimamoto. Vinunuliwe kwa idadi ya wafanyakazi, msaidizi akiwemo.

KUNUNUA AU KUKODISHA

Njia rahisi ya kuamua ni kugawa bei kwa kazi. Chukua mfano wa hesabu, si bei ya soko. Mashine ya kuchomelea inayonunuliwa kwa shilingi 900,000, ikidumu miaka 3 kwa kazi 5 kila mwezi, itafanya kazi 180. Kila kazi inaibebea shilingi 5,000, na kiasi hicho kiingizwe katika bei na kuwekwa kando. Chenibloku ya shilingi 450,000 inayokodishwa kwa shilingi 15,000 kwa siku hujilipa baada ya kazi 30. Mwenye kazi mbili za shata kwa mwezi atangoja mwezi wa kumi na tano ili ijilipe. Huyo akodishe kwanza, fedha yake inunue chuma.

Kwa kipimo hicho, vya kununua mwanzo ni vifaa vya kupimia, vya kujikinga, grainda ndogo, mashine ndogo ya kuchomelea, drili, spana, ngazi na fimbo za springi. Vya kukodisha ni jenereta, chenibloku, jukwaa, grainda kubwa na gari la mizigo. Vya kusubiri ni mashine ya kukunja shiti na kompresa ya rangi. Kifaa cha kukodi cha kunyanyulia kikaguliwe ndoano na mnyororo kabla ya kulipiwa.

MTAJI WA KAZI NA DAFTARI

Sehemu ya mtaji ibaki kuwa fedha. Ikiwa chuma na vifaa vya kazi fulani ni asilimia 60 ya bei, na mteja ametanguliza asilimia 40, mkandarasi amemkopesha mteja asilimia 20 bila riba. Kazi tatu za namna hiyo kwa pamoja huweza kufunga karakana iliyojaa kazi. Malipo ya awali yafike gharama ya vifaa, na bei ya makadirio iandikwe muda wake, siku 14 kwa mfano, kwani bei ya chuma hubadilika kwa gharama ya kuagiza na thamani ya shilingi. Wahenga wa biashara wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vipimo, picha ya uwazi na saini ya mteja vikae katika daftari hilo.

Namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara ni hatua za mwanzo. Anayetaka kazi za majengo makubwa atakutana na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1997, yenye kundi la makandarasi maalumu. Karakana inayoajiri nayo inaguswa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kwa ujuzi, vyuo vya VETA hufundisha uchomeleaji, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, hutoa ushauri kwa viwanda vidogo.

Mteja hataona kalipa wala fimbo za springi. Ataona mlango unaofunguka vizuri mwaka wa tatu, naye atamweleza jirani yake wa duka la pili. Anayepanga kuanza mwezi huu aandike orodha yake leo, agawe kila bei kwa idadi ya kazi, na asinunue mashine yoyote mpaka fedha ya chuma cha kazi mbili iwe imetengwa.